KINGA YA MWILI: JINSI MWANADAMU ANAVYOJILINDA NA MARADHI, NA KWA NINI CHANJO ZIKAMILISHWE

Maelezo kwa watumishi wa Serikali, masheha, walimu na wakaazi wote wa visiwani

Mara nyingi hutokea katika nyumba moja kwamba watoto wawili waliolala kitanda kimoja na kula sahani moja wakapatwa na mambo mawili tofauti: mmoja akaugua surua, au shurua kama wengi wanavyoiita visiwani, na mwengine asiugue. Wazee husema kwamba huyu wa pili "ana damu nzuri". Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi kumsaidia mzazi anayetaka kujua afanye nini. Maelezo yafuatayo yanakusudia kufafanua damu hiyo nzuri ni kitu gani, inapatikanaje, inapoteaje, na kwa sababu gani kadi ya kliniki ya mtoto ni hati inayostahili kuhifadhiwa sawa na cheti chake cha kuzaliwa.

NGOME YA NJE

Maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho: bakteria, virusi, fangasi na vimelea. Viumbe hivyo vimo hewani, majini, udongoni na juu ya vitu vinavyoshikwa na watu kila siku. Lau kama mwili usingekuwa na ulinzi, hakuna mtu ambaye angemaliza hata wiki moja akiwa mzima.

Ulinzi wa kwanza ni ngozi. Tabaka lake la juu ni la seli zilizokufa na kukauka, na bakteria wengi hawawezi kulipenya maadamu halina jeraha. Ndiyo maana mchubuko mdogo wa mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki, au wa mkulima aliyekatwa na jembe, haupaswi kudharauliwa, kwani hapo ukuta umetoboka.

Pale ambapo hapana ngozi kavu, mwili umeweka kinga za namna nyengine. Puani na katika njia ya pumzi mna ute unaonasa vumbi na vijidudu, pamoja na vinyweleo vidogo mno ambavyo husukuma ute huo kuelekea kooni ili utolewe kwa kikohozi au umezwe. Moshi wa sigara hudhoofisha vinyweleo hivyo, na hiyo ni sababu moja ya wavutaji kusumbuliwa na kikohozi kisichokwisha. Tumboni mna asidi kali inayoua sehemu kubwa ya vijidudu vinavyoingia na chakula. Machozi na mate nayo yana kemikali inayovunja ukuta wa bakteria, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 na mwanasayansi Alexander Fleming, yeye huyo aliyegundua penisilini miaka sita baadaye.

ULINZI WA PAPO HAPO

Vijidudu vinapofanikiwa kuingia ndani, hukutana na chembechembe nyeupe za damu. Chembe hizi huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Katika milimita moja ya ujazo, yaani chembe ya damu iliyo ndogo kuliko kichwa cha pini, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Zilizo nyingi zaidi miongoni mwao kazi yake ni moja: kumfuata mgeni, kumzingira, kummeza na kumuua.

Jambo hili lilibainishwa na Elie Metchnikoff, mtaalamu aliyezaliwa katika dola ya Urusi, alipokuwa akifanya uchunguzi katika mji wa pwani wa Messina, nchini Italia, mwaka 1882. Aliwachoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miiba midogo, na siku ya pili akaona kwa hadubini kwamba seli za kiumbe hicho zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Kutokana na hapo alitambua kwamba mwili wenyewe humshambulia mvamizi, na kwamba haungoji tu dawa. Mwaka 1908 alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Dalili ambazo watu huzihesabu kuwa ni ugonjwa mara nyingi ni dalili za mapambano hayo. Jeraha linapovimba, likawa jekundu na la moto, ni kwa sababu mishipa midogo imetanuka ili damu nyingi zaidi na chembe nyeupe zifike mahali hapo. Usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chembe nyeupe zilizokufa kazini pamoja na vijidudu zilivyoviua. Mitoki inayovimba kwapani, shingoni au kinenani ni vituo ambamo chembe za kinga hukusanyika na kuongezeka.

Homa nayo haiji kwa bahati mbaya. Mwili wenyewe hupandisha joto lake kutoka kiasi cha nyuzi 37 za Selsiasi hadi 38 au zaidi, kwa kuwa vijidudu vingi hustawi vibaya katika joto hilo na chembe za kinga hufanya kazi kwa kasi zaidi. Hata hivyo, isifahamike kwamba homa iachwe bila ya kuangaliwa. Homa ni taarifa, na taarifa hutaka kusomwa. Mtu yeyote mwenye homa visiwani anapaswa kupimwa malaria siku ile ile, na mtoto mchanga mwenye homa apelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa.

CHEMBE ZINAZOMTAMBUA ADUI KWA SURA YAKE

Ulinzi ulioelezwa hadi hapa humshambulia kila mgeni kwa namna moja, awe ni bakteria wa jipu au virusi vya mafua. Mwili una ulinzi wa pili, ulio wa polepole zaidi lakini wenye shabaha, unaoendeshwa na aina mbili za chembe nyeupe ambazo wataalamu wameziita chembe B na chembe T.

Kila moja ya chembe hizi huzaliwa ikiwa na uwezo wa kutambua alama moja tu. Kwa kuwa zipo mamilioni kwa mamilioni na kila moja ina alama yake, karibu kila kijidudu kinachoweza kuingia mwilini kitakuta chembe chache zinazokitambua. Mfano wake ni duka la vitasa lenye funguo zisizo na idadi: mgeni yeyote akija na kufuli lake, upo ufunguo mmoja utakaolifaa. Kazi ni kuutafuta ufunguo huo, kisha kuuchonga tena mara maelfu.

Chembe B iliyopata adui wake hugawika na kuanza kutengeneza kingamwili. Hizi ni protini zenye umbo linalofanana na uma wa njia, ambazo huelea katika damu, zikamng'ang'ania adui yule na kumzuia asiingie katika seli, au zikamtia alama ili amezwe. Emil von Behring wa Ujerumani na Kitasato Shibasaburo wa Japani walionesha mwaka 1890 kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na sumu ya pepopunda yanaweza kumkinga mnyama mwengine, na huo ukawa mwanzo wa kuzifahamu kingamwili.

Chembe T zina kazi nyengine. Virusi hujificha ndani ya seli za mwili wenyewe, mahali ambapo kingamwili haziwezi kufika. Baadhi ya chembe T huzikagua seli moja baada ya nyengine, na zikikuta seli iliyotekwa huiua pamoja na virusi vilivyomo. Nyengine, zinazoitwa chembe T saidizi, hutoa amri: huziamsha chembe B, huziimarisha zile zinazomeza, na huamua ukubwa wa mashambulizi. Chembe T hupata mafunzo katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Mafunzo hayo yakipungua, mwili huweza kujigeuka, kama inavyotokea katika aina ya kisukari inayowapata zaidi watoto na vijana, ambapo chembe za kinga huharibu seli zinazotengeneza insulini.

Mara ya kwanza mwili unapokutana na adui mpya, maandalizi haya yote huchukua kiasi cha wiki moja hadi mbili. Katika muda huo mgonjwa huumwa, na ikiwa maradhi ni makali au mwili ni dhaifu, huweza kufa kabla kingamwili hazijatosha. Hapo ndipo hatari ilipo, na hapo ndipo chanjo inapoingia.

MWILI HAUSAHAU: SOMO LA VISIWA VYA FAROE

Mapambano yanapokwisha, chembe nyingi zilizoshiriki hufa, lakini chache hubaki kwa miaka mingi zikiwa na kumbukumbu ya adui yule. Akirudi, hazihitaji wiki mbili. Huanza kazi ndani ya siku chache, na mara nyingi mtu hata hatambui kwamba alivamiwa.

Ushahidi wa ajabu wa kumbukumbu hii ulitoka visiwani. Visiwa vya Faroe vimo kaskazini ya Bahari ya Atlantiki, chini ya himaya ya Denmark. Surua iliingia huko mwaka 1781, kisha ikatoweka kwa miaka 65. Mwaka 1846 ikarudi kwa njia ya bahari, na kati ya wakaazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua katika muda wa miezi michache. Daktari kijana, Peter Ludvig Panum, alitumwa na serikali ya Denmark kwenda kuchunguza. Akapita kijiji hadi kijiji akiuliza nani ameugua na nani hakuugua.

Aligundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781, wakiwa watoto, hakuna hata mmoja aliyeugua mara ya pili, ijapokuwa ilikuwa imepita miaka 65 bila ya kuiona. Ama wazee wa umri ule ule ambao ugonjwa wa 1781 haukuwapata, hao waliugua pamoja na vijana. Umri haukuwa kinga, wala hali ya hewa, wala damu ya ukoo. Kinga ilikuwa ni kumbukumbu ya mwili.

Lipo na somo la pili kwa kila mkaazi wa kisiwa. Bahari haikuwalinda watu wa Faroe, iliwachelewesha tu. Kadiri maradhi yalivyokaa mbali kwa muda mrefu, ndivyo walivyoongezeka watu wasio na kinga, hata chombo kimoja kilipotia nanga kikakuta karibu nchi nzima iko wazi. Visiwa vyenye bandari, uwanja wa ndege na wageni wa kila siku vina sababu kubwa zaidi ya kuzingatia jambo hili.

CHANJO: KUMBUKUMBU BILA YA UGONJWA

Chanjo ni njia ya kuupa mwili kumbukumbu hiyo pasipo kulipa gharama ya ugonjwa. Kinachoingizwa ni kijidudu kilichodhoofishwa au kilichouliwa, au sehemu yake tu. Mwili huiona alama, huandaa kingamwili, na huhifadhi chembe za kumbukumbu. Homa ndogo au uvimbe mahali pa sindano baada ya chanjo, kwa watoto wengi, ni ishara kwamba maandalizi hayo yameanza.

Mwaka 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, na mtoto huyo hakupatwa na ndui ya binadamu alipojaribiwa nayo baadaye. Kutokana na chanjo iliyoendelezwa kwa njia hiyo, ndui iliondoka duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki, katika mji wa Merca nchini Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Aliambukizwa alipopanda gari kwa muda mfupi kuwaelekeza njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wagonjwa. Ingawa alifanya kazi hospitalini, hakuwa amechanjwa, na miaka ya baadaye alieleza kwamba aliiogopa sindano. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa.

Maalin aliitumia sehemu ya maisha yake kuwashawishi wazazi nchini kwake wakubali chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyomfika yeye. Mwaka 2013, akiwa katika kampeni hiyo, alishikwa na homa akafariki. Ugonjwa uliomuua ulikuwa malaria. Mwili wake uliokuwa umeishinda ndui haukuwa na silaha ya kutosha dhidi ya adui mwengine, kwani kumbukumbu ya ugonjwa mmoja haikingi ugonjwa mwengine. Kwa sababu hiyo ratiba ya chanjo ina majina mengi, na hakuna hata moja linaloweza kufutwa kwa hoja kwamba mtoto "keshachanjwa".

KINGA YA MTOTO MCHANGA NA SABABU YA RATIBA

Wazazi wengi huuliza kwa nini wanaitwa kliniki mara kwa mara, na kwa nini chanjo zote zisitolewe siku moja. Jawabu limo katika namna kinga ya mtoto inavyokua.

Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili alizozipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma. Maziwa ya mwanzo ya mama, yale mazito yenye rangi ya manjano, humwongezea kingamwili zinazolinda koo na utumbo wake. Hivyo basi, maziwa hayo yasikamuliwe na kumwagwa. Lakini akiba hii ni ya kuazima. Hupungua mwezi hadi mwezi, na mtoto hubaki wazi kabla hajajitengenezea ya kwake.

Chanjo ya kifua kikuu hutolewa mara mtoto anapozaliwa. Chanjo za dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na nyenginezo hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu dozi moja huacha kumbukumbu dhaifu na zinazofuata huikaza. Chanjo ya surua na rubela husubiri hadi miezi 9, kwa kuwa kingamwili za mama, zikiwa bado nyingi, huiua chanjo kabla ya mwili wa mtoto kujifunza. Hata katika umri huo, kiasi cha watoto 15 katika kila 100 hawapati kinga kwa dozi ya kwanza. Dozi ya pili ya miezi 18 imewekwa kwa ajili yao, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho, ni lazima watoto wote warudi.

Mtoto aliyepata chanjo ya miezi 9 na asirudishwe miezi 18 ndiye anayehitaji kutafutwa zaidi mitaani, kwani wazazi wake wanaamini kwamba amekwisha kukingwa.

KINGA YA JAMII

Ipo kinga ambayo mtu mmoja hawezi kuwa nayo peke yake. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Lakini ikiwa watu 95 katika kila 100 wamekingwa, virusi hukosa pa kwenda, na ugonjwa hufa wenyewe. Hapo hulindwa hata wale ambao hawawezi kuchanjwa: mtoto wa miezi 4, au mgonjwa anayetibiwa saratani. Kila mzazi anayempeleka mwanawe kliniki humlinda pia mtoto mchanga wa jirani.

Zanzibar yenyewe imetoa ushahidi wa jambo hili. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa, yenye dozi mbili, ilitolewa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba. Matokeo ya uchunguzi yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba waliokunywa walikingwa, na kwamba hata waliokuwa hawakunywa, wakiishi katika mitaa ambayo wengi walikunywa, hatari yao ilipungua. Chanjo hiyo hata hivyo haichukui nafasi ya maji safi, vyoo na kunawa mikono, kwa sababu nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita.

Ugonjwa mmoja hauingii katika hesabu hii, nao ni pepopunda. Wadudu wake hukaa udongoni na hawaambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Mtu asiyechanjwa hawezi kulindwa na jirani zake. Zaidi ya hayo, sumu yake huua kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba hata aliyeugua akapona hapati kinga, na hulazimika kuchanjwa. Wajawazito wahakikishe kwamba wamekamilisha chanjo hii, kwani kingamwili zao ndizo zitakazomlinda mtoto siku kitovu kinapokatwa.

MARADHI YASIYOACHA KINGA KAMILI

Si kila adui anaacha kumbukumbu ya kudumu. Virusi vya mafua hubadilika sura mwaka hadi mwaka, na kingamwili za zamani hazivitambui vyema. Watumishi wanakumbushwa kwamba dawa za antibayotiki hazina athari yoyote juu ya virusi vya mafua. Kuzitumia kiholela huwafanya bakteria wazizoee dawa hizo, na siku zitakapohitajika hazitafaa.

Kimelea cha malaria ni hodari zaidi. Hubadilisha alama zake ndani ya mgonjwa mmoja, na hujificha katika ini na ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtu aliyekulia katika eneo lenye malaria nyingi hupata kinga ya sehemu tu, inayomfanya asiugue vikali, na kinga hiyo hufifia anapokaa miaka bila ya kuumwa na mbu mwenye kimelea.

Jambo hili linawahusu Wazanzibari moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ulianza mpango wa kupiga dawa majumbani uliopunguza malaria kwa kiasi kikubwa Unguja na Pemba. Mpango huo uliposimama mwaka 1968, malaria ilirudi. Katika karne hii, kutokana na dawa mseto zilizoanza kutumika mwaka 2003, vyandarua na upigaji wa dawa, kiwango cha maambukizi kilishuka hadi chini ya asilimia moja. Mafanikio hayo yana upande wake wa pili. Kizazi kilichokua bila ya malaria kimekua pia bila ya kinga yake. Mtu mzima wa leo asijitegemee kwa kusema kwamba "malaria ameizoea" kama walivyosema babu zake. Akisafiri Bara na kurudi na homa, au malaria ikizuka shehiani kwake, huweza kuugua vikali sawa na mtoto mdogo. Vyandarua na upimaji ndivyo vinavyosimama mahali pa kinga ambayo mwili hauna tena.

YANAYOIDHOOFISHA KINGA

Surua huharibu zaidi ya inavyodhaniwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionesha kwamba ugonjwa huo ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine, kwani virusi vyake hushambulia chembe za kumbukumbu zenyewe. Mtoto aliyepona surua huweza kurudi hospitalini miezi kadhaa baadaye kwa nimonia au kuharisha ambako hapo awali angekushinda. Watoto waliochanjwa hawakuonesha hasara hiyo.

Virusi vya UKIMWI huziua chembe T saidizi, zile zinazotoa amri. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 katika kipimo cha damu kilichotajwa juu. Zikishuka chini ya 200, maradhi yasiyo na nguvu kwa wengine humuua. Dawa za kufubaza virusi, zikinywewa kila siku, huziwezesha chembe hizo kurudi, na mtumiaji huishi na kufanya kazi kama wenzake. Kujificha na kuchelewa kupima ndiko kunakoua.

Kadhalika, utapiamlo na upungufu wa vitamini A hudhoofisha ngozi ya ndani ya macho, mapafu na utumbo. Dagaa, mayai, mchicha, kisamvu, maboga, maembe na mapapai hupatikana visiwani kwa bei nafuu na ni chakula cha kinga. Ama dawa za kienyeji au za dukani zinazotangazwa kwamba "zinaongeza kinga" kwa siku chache, wananchi wazichukulie kwa tahadhari. Kinga ni mpangilio wa chembe za aina nyingi, nyengine za kushambulia na nyengine za kuzuia. Haijazwi kama taa inavyojazwa mafuta.

YANAYOTAKIWA KUTEKELEZWA

Kutokana na maelezo hayo, wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(1) Kila mzazi aiangalie kadi ya kliniki ya mtoto wake na kuhakikisha kwamba dozi zote zimeandikwa, hasa ile ya miezi 18. Dozi iliyokosekana hufidiwa kwa kurejea kituoni. Hapana haja ya kuanza upya wala ya kuona haya.

(2) Mama anyonyeshe mtoto wake kuanzia saa ya kwanza baada ya kujifungua, na ampe maziwa yake pekee kwa miezi 6 ya mwanzo.

(3) Wajawazito wahudhurie kliniki mapema na kukamilisha chanjo ya pepopunda.

(4) Mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, na anayetoka safarini aeleze alikotoka.

(5) Walimu na masheha wanapoona vipele vyenye homa kwa zaidi ya mtoto mmoja, watoe taarifa kituo cha afya kilicho karibu bila ya kungoja idadi iongezeke.

(6) Wakuu wa ofisi wawape nafasi watumishi wenye watoto wachanga kwenda kliniki siku wanayotakiwa, kwani siku moja ya ruhusa ni nyepesi kuliko wiki mbili za kumuuguza mtoto.

Mwili wa mwanadamu umepewa ulinzi uliopangwa kwa ustadi mkubwa, lakini ulinzi huo hauwezi kumkumbuka adui ambaye haujaoneshwa. Kuuonesha kwa wakati, kupitia chanjo, ni kazi iliyoachiwa wazazi, watumishi na jamii kwa jumla.